Fishi, Fakitire na Neno "Kidogo Tu"

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa afya katika eneo letu la kambi. Ajenda zilikuwa tatu: vyandarua, vyoo na dawa. Vyandarua na vyoo tulivimaliza haraka, dawa zikala saa mbili. Mmoja wa wanaosimamia huduma alituambia wazi kwamba dawa zinazoletwa hazifiki mwisho wa mwezi, na kwamba tangu Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mambo yamekuwa magumu zaidi. Hilo hakuna aliyelibisha. Tumeona wenyewe wahudumu wakipungua na foleni ikizidi kuwa ndefu. Ndipo akaleta wazo: kila nyumba itoe shilingi 2,000 kwa mwezi, pesa iwekwe kwenye sanduku la kamati, dawa zikiisha tununue wenyewe. "Ni kidogo tu," alisema.

Nyuma yangu mama mmoja wa Masisi akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Hata kule kwetu njo vile ilianzaka."

Mimi si muganga wala mwalimu wa historia. Nilimaliza sekondari, na sasa ninafanya kazi na vijana: mpira, mafunzo, mazungumzo ya jioni. Jioni ya siku ile niliwasimulia vijana habari za mkutano, na kijana mmoja akaniuliza: "Sasa nani alianzisha hii mambo ya kulipisha mgonjwa?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitatafuta. Nimetafuta kwa miezi hii, kwenye simu, usiku pale mtandao unapokuwa na nguvu, na kwenye makala alizonipa muuguzi mmoja Mganda mwenye moyo mzuri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nieleze kwa wasiotoka Congo, hasa ninyi mnaofanya kazi hapa na mnasikia watu wakisema "fishi" bila kuelewa. Kule kwetu Kivu ya Kaskazini, ukifika kwenye santre ya afya, kitu cha kwanza ni fishi. Ni karatasi ya kuandikia jina lako na ugonjwa wako, na inanunuliwa. Kama hauna pesa ya fishi, bado hujawa mgonjwa, wewe ni mtu aliyekaa kwenye benchi. Baada ya fishi kuna maabara, kuna dawa, na ukilazwa, mwisho kuna fakitire, yaani hesabu ya yote.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipojifungua mdogo wangu kwa kupasuliwa. Baba aliuza baiskeli na mbuzi wawili, ikatosha nusu ya fakitire. Kwa nusu iliyobaki, mama alikaa hospitalini siku kumi na tisa baada ya daktari kusema amepona. Mtoto ananyonya vizuri, kidonda kimefunga, lakini kutoka hawezi. Kadi yake ya kura ilikuwa imeshikwa ofisini. Mlinzi wa mlangoni alikuwa na daftari la majina ya wasioruhusiwa kupita. Kitanda kilipohitajika, walihamishwa kwenye chumba cha nyuma, akina mama saba na watoto wao, wanalala kwenye mikeka. Kila asubuhi nilimpelekea ugali na sombe. Jambo ambalo mpaka leo sijalielewa ni kwamba siku zile za kukaa nazo zilikuwa zinaongezwa kwenye fakitire. Mwishowe wanawake wa kanisa walichanga, na mama akatoka.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule mlinzi, na zaidi yake muuguzi aliyekuwa anatembea na orodha ya madeni. Niseme mapema: kusoma historia hii kumenifanya nipunguze chuki hiyo. Sijaifuta yote.

Mambo hayakupangwa yawe hivyo. Septemba 1978 nchi 134 zilikutana Alma-Ata, mji wa Kazakhstan, wakati huo ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Mkutano uliitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Zilikubaliana kwamba afya ni haki ya mtu, kwamba huduma ya msingi ianzie karibu na anapoishi mtu, na kwamba lengo ni Afya kwa Wote ifikapo mwaka 2000. Mkuu wa Shirika la Afya wakati huo, Halfdan Mahler wa Denmark, alilisukuma jambo hili kwa bidii kweli. Na hawakuwa wanaota tu. Kenya ilikuwa imeondoa ada ya wagonjwa wa nje mwaka 1965, ada iliyobaki tangu ukoloni. Tanzania ilikuwa inajenga zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967.

Hata Congo yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilikuwa na jambo la kuonyesha. Najua watu wengi hapa hawaamini nikisema hivyo. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960 hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja mwenye shahada, kulikuwa na wasaidizi wa madaktari tu. Lakini katika miaka ya 1970, kule Kasongo katika Maniema, Wakongo pamoja na Wabelgiji wa Taasisi ya Tiba ya Antwerp walijaribu mfumo wa hospitali moja yenye vituo vidogo vinavyoizunguka, kila kituo na watu wake kinaowajua. Kutokana na majaribio ya namna hiyo ndipo ilitoka "zone de santé", eneo la afya. Katika miaka ya 1980 nchi iligawanywa kuwa maeneo 306 ya namna hiyo, na wataalamu wa nchi nyingine walikuja kujifunza. Kule Bwamanda, katika Équateur, mwaka 1986 walianza bima ya hospitali: familia inalipa mara moja kwa mwaka, mtu akilazwa deni lake linakuwa dogo. Wazo zuri. Ninalitaja kwa sababu watu huniambia eti Wakongo hawajui kupanga. Mpango ulikuwepo. Kilichopungua ni pesa ya serikali.

Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na Zaire iliishi kwa shaba. Wakubwa waliiba, deni likapanda, halafu miaka ya 1980 ikaja masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa: serikali ibane matumizi. Serikali ikabana kwa namna yake, mishahara ya wauguzi ikawa kitu cha kusikia kwenye redio. Na si Zaire peke yake. Uganda ilikuwa imetoka kwenye utawala wa Amin na vita, hospitali zake hazina dawa wala madaktari. Tanzania na Kenya nazo zilikuwa zimebanwa na madeni.

Hapo ndipo jibu la yule kijana lilipo. Mwaka 1987 mambo mawili yalitokea. Benki ya Dunia ilitoa waraka kuhusu namna ya kugharimia afya katika nchi zinazoendelea, na pendekezo lake la kwanza lilikuwa wagonjwa walipe ada kwenye vituo vya serikali. Hoja zake zilikuwa kwamba pesa hiyo itasaidia kununua dawa, kwamba mtu akilipa hatakwenda kituoni bila sababu, na kwamba masikini wasamehewe. Septemba ya mwaka uleule, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya. Huko wazo lilikuwa na sura nyingine, laini zaidi: wanakijiji wanunue dawa kwa bei nafuu, faida ibaki kijijini, kamati yao wenyewe isimamie, dawa zikiisha zinunuliwe tena. Kwa maneno mengine, sanduku la kamati.

Niliposoma habari za Bamako nilicheka peke yangu gizani. Wazo la mkutano wetu lina miaka karibu arobaini.

Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Kuna mahali lilifanya kazi. Huko Kamerun, katika mkoa wa Adamaoua, watafiti walilinganisha vituo vilivyoanza kutoza ada pamoja na kuleta dawa za uhakika na vituo ambavyo havikubadilika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993. Kwenye vituo vya ada na dawa, watu waliongezeka, masikini nao wakiwemo. Sababu inaeleweka: kabla ya hapo walikuwa wanasafiri mbali kununua dawa kwa bei kubwa. Mtu akikuletea dawa mlangoni kwa bei ndogo, umepunguziwa. Kwa hiyo anayesema ada haijawahi kumsaidia mtu, hasemi kweli.

Lakini angalia kilichotokea mahali ambapo ada ilikuja bila dawa hizo. Kenya ilianzisha "kuchangia gharama" Desemba 1989. Nairobi kulikuwa na kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa, na watafiti walihesabu walioingia kabla na baada. Katika kipindi cha ada, wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Matokeo hayo yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1992. Fikiria ni miaka gani hiyo. UKIMWI unaenea, na watu wenye vidonda vya zinaa wanabaki nyumbani kwa sababu ya pesa ya mlangoni. Serikali ilisimamisha ada hiyo Septemba 1990, halafu ikairudisha polepole kuanzia 1992.

Na ule msamaha wa masikini? Kwenye karatasi ulikuwepo karibu kila nchi. Kule kwetu jina lao ni "indijan". Ili uitwe indijan lazima mtu akuandike, na huyo mtu ndiye anayeishi kwa pesa usiyokuwa nayo. Tena uende ukaseme mbele ya jirani zako kwamba huna kitu. Baba yangu alikataa. Alisema heri auze mbuzi.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule muuguzi. Katika Congo ya miaka ya 1990 na baadaye, wakati wa vita vya 1996 na 1998 na hata vilipotulia, ada ya mgonjwa haikuwa nyongeza tena. Ndiyo iliyokuwa mshahara. Inalipa posho ya muuguzi, inanunua sabuni na dawa, na sehemu yake inapanda juu kwenda ofisi ya eneo na zaidi ya hapo. Wazo la Bamako lilikuwa pesa ibaki chini kijijini, kwetu ikawa pesa inapanda. Mama alipokuwa kwenye ule mkeka, chakula cha watoto wa yule muuguzi kilikuwa ndani ya fakitire yake. Wote wawili walikuwa wameachwa na serikali ileile, mmoja akafanywa kuwa mlinzi wa mwenzake.

Na haikuwa kwetu tu. Kwa wasomaji wetu Warundi hii si habari mpya: Septemba 2006 Human Rights Watch ilitoa ripoti pamoja na APRODH, shirika la Burundi, kuhusu wagonjwa waliozuiwa hospitalini kwa madeni, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Nilisoma ripoti ile nikiwa nimekaa jikoni na mama. Nilimtafsiria kipande. Akauliza: "Kumbe waliandikaka?" Alidhani ni aibu yake peke yake. Mwaka huohuo, mwezi Mei, serikali ya Burundi ilikuwa imetangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure.

Sasa Uganda, tunakoishi. Mwaka 1990 pendekezo la ada kwa nchi nzima lilikwama bungeni, lakini wilaya zilipopewa madaraka, nyingi zilianza kutoza zenyewe. Hiyo iliendelea mpaka Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, Museveni alipoiondoa ada kwenye vituo vyote vya serikali, isipokuwa zile sehemu za kulipia ndani ya hospitali. Wengine husema ilikuwa kampeni. Inawezekana, ila mgonjwa haulizi hilo. Watafiti waliofuatilia vituo 78 katika wilaya kumi walikuta wagonjwa wapya wameongezeka kwa zaidi ya nusu. Mimi nauliza, hao walikuwa wapi kabla? Hawakuanza kuugua Machi 2001. Kwetu Kivu tuliona vilevile Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa upande wa Mangina na Beni na huduma zikafanywa bure katika maeneo yaliyoguswa.

Lakini historia ya Uganda ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo ninayotaka wasomaji wa mkutano wetu waishike. Watafiti wengine walirudi kuangalia mifuko ya watu. Walikuta kwamba masikini wanakwenda kituoni zaidi, lakini familia masikini zinazofilisika kwa ajili ya matibabu hazikupungua. Kwa nini? Kwa sababu dawa ziliisha. Muuguzi anakupima bure, anaandika jina la dawa kwenye karatasi, anakwambia kanunue. Ada ilitoka mlangoni ikahamia duka la dawa. Pia kamati za vituo zilipoteza ile pesa kidogo ya kumlipa mlinzi na mfagiaji, zikaacha kukutana mara kwa mara kama zamani. Kuondoa ada bila kuweka kitu mahali pake kuna gharama yake. Mwezi mmoja tu baada ya uamuzi wa Museveni, Aprili 2001, marais wa Afrika waliahidi huko Abuja kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ni nchi chache sana zimewahi kufika hapo.

Karatasi ya "kanunue" tunaijua wote hapa kambini. Mimi ninazo nne nyumbani, nimezikunja ndani ya Biblia ya mama.

Kuna jambo jingine nililolipata, nikalisoma mara mbili kuhakikisha. Mei 2013, Jim Yong Kim, rais wa Benki ya Dunia na mwenyewe daktari, alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya huko Geneva akasema kwamba hata malipo madogo ya mlangoni yanawazuia masikini, na kwamba ni dhuluma tena hayana ulazima. Benki ileile. Miaka 26 baadaye. Sikuona mahali popote alipoulizwa nani atawarudishia watu mbuzi wao.

Turudi kwenye turubai letu. Kituo tunachotumia hakitibu wakimbizi tu. Majirani zetu Waganda wa vijiji vya karibu wanapanga foleni moja na sisi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatuweka karibu na raia katika huduma, na mwaka 2019 serikali ilizindua mpango wa afya wa kuunganisha huduma za wakimbizi na za wenyeji. Kwa raia, kituo cha serikali ni bure tangu 2001. Basi tukianzisha sanduku, dawa iliyonunuliwa kwa sanduku atapewa nani? Mkimbizi aliyechanga peke yake, na jirani aliyetupa shamba la kukodi aambiwe hapana? Au wote, na sisi tuwe tunawanunulia dawa raia wa nchi inayotuhifadhi? Na mjane ambaye posho yake ya chakula imekatwa, tutamwita indijan mbele ya watu?

Niliyasema hayo kwenye mkutano wa pili, wiki iliyopita, nikitetemeka kidogo kwa sababu wazee walikuwepo. Msimamizi hakukasirika. Alisema, "Maswali yako ni ya kweli, mdogo wangu, lakini mwezi ujao amoxicillin itakwisha tarehe 20." Hilo nalo ni kweli, na mimi sina amoxicillin.

Tuliyokubaliana ni haya. Kamati itaandika kila siku dawa zilizoisha na tarehe zilipoisha, na wagonjwa wangapi wamepewa karatasi ya kununua. Daftari hilo litapelekwa kila mwezi ofisi ya afya ya wilaya na kwa shirika linaloendesha kituo, nakala moja ibandikwe ukutani. Vijana wangu wawili wanajua kuandika vizuri, wamekubali kulishika. Sanduku limeahirishwa kwa miezi mitatu, halijafutwa. Mzee mmoja alisisitiza iandikwe kwamba hata likija, hakuna mtu atakayezuiwa kutibiwa kwa kutolipa, na hakuna kadi ya mtu itakayoshikwa. Ikaandikwa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anachambua maharage. Aliuliza kitu kimoja: hilo daftari litalala wapi usiku, kituoni ama kwa mwenyekiti? Nilimwambia hatukuzungumza hilo. Akasema, "Muulize kesho."